Kaka Bosco, Nimemwaga Oili ya Lori Lako

Kaka yangu Bosco,

Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, mimi dada yako, mwalimu wa historia, mwanamke wa miaka arobaini na saba, nililala chali juu ya katoni chini ya lori lako, uwanjani kwetu Nyakabiga, nikiwa nimevaa ovaroli yako ya bluu. Ilikuwa imepigwa pasi. Mama huifua na kuipiga pasi kila mwezi, ili ukirudi uikute tayari. Nilipoivaa alinitazama kana kwamba nimevaa ngozi yako.

Barua hii naiandika wazi. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, kama unavyonitumia wewe, lakini sauti zako zimenichosha. Unaongea dakika nne, mimi nasikiliza, kisha unasema umefika kazini. Halafu, wewe si wa kwetu peke yetu. Katika mtaa huu kila nyumba ina Bosco wake, aliyeaga kwamba anakwenda kidogo tu, na kila nyumba ina mtu aliyebaki, anayepokea amri kutoka mbali kuhusu mizigo anayoibeba yeye. Acha na wao wasome. Wengine watajiona humu, na nitafurahi wakikasirika.

Unajua ni sauti gani iliyonipeleka chini ya lori. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ilivyostahili, kwa hiyo naweza kuiandika neno kwa neno: "Dada, mwisho wa mwezi, ufunguo na karatasi zote umpe Méthode. Motor ni kitu ya wanaume, siyo ubao ya darasa. Utaiua."

Utaiua! Miaka miwili naliendesha mimi. Asubuhi nafundisha, mchana nashika usukani, naenda Buterere kupakia mpunga na kuuleta mjini. Unaikumbuka Buterere ya miezi ya mvua, au huko Kanada umeshaisahau? Maji yanapanda hadi kwenye vizingiti vya nyumba, barabara inageuka shamba la mpunga, na lori lako linazama hadi ekseli. Nimelichimbua kwa jembe mara nne. Wanaume husimama kando wakiwa na mikono mifukoni, wakiniuliza mume wangu yuko wapi. Lori hilo ndilo linalonunua dawa za presha za Mama na wali tunaokula. Wewe hujaligusa kwa miaka miwili, lakini unajua nani atakayeliua.

Nimesoma na kufundisha habari za magavana waliotawala nchi ambazo hawakuwahi kukanyaga matope yake. Walikaa ng'ambo, wakaandika barua, na huku watu wakahamishwa mashamba yao kwa sababu ya sentensi moja. Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza, "Mwalimu, iliwezekana vipi mutu aamrishe kitu hajaona?" Mwaka huu nitawasikilizisha simu yangu.

Nilipokasirika nikaamua jambo moja. Kabla ya kumpa mtu yeyote ufunguo, nitafanya vidanje kwa mikono yangu. Kwa msomaji asiyekulia katika nyumba ya fundi, vidanje ni kumwaga oili ya zamani ya injini na kutia mpya, na kubadilisha filta, kile kikopo cha chuma kinachoichuja. Nilitaka nikutumie picha ya mikono yangu iliyochafuka, nikuandikie chini yake: haijafa. Hayo tu ndiyo niliyoyakusudia. Sikukusudia kugundua chochote.

Lakini nisiseme uongo kwamba nilianza na hasira Jumamosi hiyo. Hasira yangu ni ya zamani kuliko lori.

Unakumbuka ile Peugeot ya marehemu Baba, ulipokuwa na miaka kumi na sita na mimi kumi na tatu? Wewe ulikuwa chini, mimi nilishika tochi. Nilishika tochi miaka mitatu mizima, Bosco. Nikiuliza, "Hiki ni nini?" ulijibu, "Mulika hapa." Nikiuliza tena, uliniambia, "Mulika, we mutoto, usisumbue." Tulipatana, tena tulishikana mikono kabisa, kwamba mimi nitakuandikia insha zako za Kifaransa na wewe utanifundisha spana. Nilikuandikia insha kumi na moja. Moja ilisomwa mbele ya darasa zima na mwalimu akakupigia makofi. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukicheka, ukanibeba mgongoni kutoka kwenye geti hadi jikoni. Masomo ya spana sikuyapata.

Nilipata somo moja tu. Ulitoa kijiti cha kupimia oili, ukakipangusa kwa vidole viwili, ukavisugua vidole, kisha ukavileta puani kwangu. "Nusa. Unasikia kama kitu imeungua?" Nilinusa. Nilisikia. Ulinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekuta kuku wake anajua kusoma, ukasema, "We ungekuwa fundi." Nilifurahi wiki nzima. Leo nikilikumbuka neno hilo nasikia uchungu kwa sababu ya ile "ungekuwa". Ulikuwa na miaka kumi na sita na tayari ulikuwa umeshaniweka katika mambo yasiyowezekana.

Na unazikumbuka siku za vidanje hapa uwanjani, baada ya kununua lori? Hukuhitaji kutangaza. Watu walisikia mlio wa injini ikipashwa moto, wakaja na chupa zao, wengine na makopo ya maziwa ya unga, wakaketi ukutani kusubiri oili chafu. Oili ya bure ya kupaka nguzo za jikoni na mbao za paa, mchwa wasile. Mama aligawa kwa kikombe cha bati kama anayegawa supu kwenye msiba. Wewe ulikaa juu ya jeki ukinywa chai, mfalme mwenye mikono myeusi. Nakubali, ulikuwa mzuri kutazama.

Ulipoondoka, ile safari ya mafunzo ya miezi mitatu, uliacha maagizo: lori lipelekwe kwa Méthode. Méthode, niwaambie wasiomjua, ni rafiki wa kaka yangu tangu shule ya msingi, fundi mwenye garaji ya mabati matatu kwenye njia ya Mutanga Sud, na ndiye aliyesimama karibu naye siku ya harusi yake na marehemu mke wake. Nikatii. Nilinunua oili mpya, nikampelekea. Kila mara aliniambia, "Dada, nenda ukunywe Fanta pale mbele, hapa kuna uchafu." Kila mara nilikwenda kunywa Fanta. Niliporudi alinikabidhi bidoni la oili nyeusi, ya kuwapelekea majirani, kama desturi ya kwetu inavyotaka. Nililibeba nyumbani kama cheti. Mama aligawa. Nguzo zikapakwa. Hakuna mtu aliyeuliza kitu, kwa sababu sisi watu wa mtaa huu tukiona oili chafu tunajua kazi imefanyika.

Sasa Jumamosi. Lori lilikuwa limelala siku ya tisa kwa kukosa mazutu, yaani dizeli. Kitabu cha lori nilikikuta kwenye kisanduku cha mbele, ndani ya mfuko wa plastiki uliokauka, hakijafunguliwa hata siku moja. Miaka yote hiyo ulikuwa na kitabu, Bosco, na hukukifungua! Nilikisoma Ijumaa yote. Kinasema injini ipashwe moto kwanza, ili oili iwe nyepesi. Dakika kumi za mazutu, siku ambazo watu wanalala kwenye foleni kwa ajili ya lita chache. Niliwasha nikiwa nimeuma meno.

Mlio ukafanya kazi yake. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Riziki, yule wa Uvira anayekaanga maandazi ya beignets kwenye kona, akiwa na chupa mbili.

"Eeh, mwalimu! Leo somo iko chini ya kamyo?"

"Kaa chini usubiri, mwanafunzi," nikamwambia.

"Mi nakaa. Lakini ikikuangukia, nani atatuandikia barua za kumutukana meya?"

Majirani wengine wakacheka. Mama alisimama mlangoni akiwa amejifunga kitenge kifuani. "Iyo motoka ni ya Bosco," alisema, si kwangu hasa, bali kwa uwanja wote, ili baadaye pawe na mashahidi. "Mi nimesema. Ni ya Bosco, na Bosco hajasema."

Nilitambaa chini. Spana ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ikashika. Nilivuta kwa nguvu zangu zote na nikagundua kwamba nimekaza badala ya kufungua. Kutoka ukutani Mama Riziki akauliza kama nimelala. Nikageuza. Spana ikateleza, ngozi ya vidole viwili ikabaki kwenye chuma. Nilitukana kwa lugha tatu, na Mama akasema "Yezu" kwa ile ya nne. Kisha bolti ikalegea, nikaimalizia kwa vidole, na oili ya moto ikateremka kwenye mkono wangu ndani ya ovaroli yako iliyopigwa pasi, hadi kwapani.

Ilikuwa nzito, Bosco. Haikumwagika, ilijivuta. Ilianguka kwenye beseni kwa mafungu, kama uji uliolala.

Mama Riziki alichota kwa kidole, akainua mkono kwenye mwanga. Yeye si fundi. Lakini miaka yote hii amepaka nguzo, na anaijua oili chafu kama anavyojua mafuta ya kukaangia.

"Mwalimu, hii haiko ile tulizoea. Ile Méthode alikuwa anatuma ilikuwa nyepesi. Hii iko kama lami."

"Ni injini ileile."

"Injini ileile, oili ingine? Mi siko mwalimu, lakini apana."

Nilikuwa nimeshafika kwenye filta, na filta ilikataa. Nilizungusha kwa mikono, ikateleza. Mama Riziki akanirushia kipande cha mpira wa baiskeli aliokuwa amefungia kikapu chake. Nikauzungusha kwenye filta mara tatu, nikavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeukanyagia kwenye gurudumu. Ikalia. Ikatoka. Nikatambaa nayo nje, nikaifuta kwa shati kuukuu ili nimwonyeshe Mama kwamba nimeweza.

Chini ya uchafu kulikuwa na maandishi meupe. Herufi B, na chini yake tarehe ya wiki uliyoondoka.

Unajua uliandika kwa nini. Kila filta mpya uliiandika kwa ule wino mweupe wa kufutia makosa, ulioniibia kwenye mkoba wangu wa shule. Nilikuwa nikikulalamikia, nawe unasema, "We una makosa ngapi? Niachie kidogo." Uliandika B na tarehe, ili ujue umri wake.

Nilikaa chini palepale kwenye katoni. Mara sita, Bosco. Mara sita nimepeleka lori kwa rafiki yako. Mara sita nimekunywa Fanta. Na filta ilikuwa ya mikono yako bado, haijaguswa na mtu. Ile oili nyeusi niliyokuwa nabeba, iliyopakwa kwenye kila nguzo ya kila jiko la mtaa huu, haikuwahi kupita katika injini yetu.

Mimi! Mimi ninayewapigia kelele watoto wa watu kila siku: hati hii nani ameiandika, na kwa faida ya nani? Mimi ninayeandika magazetini kwamba watu wetu huletewa ushahidi wa uongo na kupiga makofi. Nilikabidhiwa bidoni la uchafu na nikashukuru. Sina wa kumcheka.

Lakini ngoja nikuambie alichofanya Mama, kwa maana ndicho kilichoniumiza zaidi. Alishuka ngazi, akaninyang'anya filta. Nilidhani ataona nilichokiona. Akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaisogeza machoni.

"Ni mwandiko ya Bosco," alisema. Kisha kwa sauti, akiwageukia majirani: "Mumeona? Ni mwandiko ya mutoto wangu!"

Akaingia nayo ndani. Nilipomfuata nilikuta ameiweka juu ya kabati, kwenye kile kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, karibu na picha yako ya harusi. Ilikuwa ikidondosha oili. Doa lilikuwa likitambaa kwenye kitambaa, na Mama alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani, akitabasamu kama mtu aliyepata barua. Hukumwandikia barua hata moja kwa miaka miwili. Akaichukua hiyo kuwa barua.

Nilirudi uwanjani nikamaliza kazi, kwa kuwa lori haliwezi kuachwa na tumbo wazi. Niliona mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda kwenye injini, nikaung'oa kwa ukucha, kama kitabu kinavyoonya. Nikapaka oili kwenye mpira wa filta mpya, nikaifunga. Nikakaza bolti, nikatia oili, nikawasha, nikalala tena chini kutazama kama panavuja. Hapakuvuja hata tone. Hakuna aliyepiga makofi. Majirani walikuwa wameshachukua lami yao na kwenda.

Kisha, nikiwa bado na ovaroli, niliingia ndani, nikaichukua filta Mama alipokwenda jikoni, nikatembea kwa miguu hadi garaji ya rafiki yako. Watu barabarani walinipisha.

Alikuwa ameinama kwenye taksi iliyopandishwa juu ya mawe. Niliiweka filta kwenye boneti.

"Méthode. Hii ni nini?"

Alifuta mikono polepole. "Ni filta."

"Ya nani?"

"Ya Bosco."

"Nimeleta kamyo hapa mara ngapi?"

"Mara sita, dada."

"Na oili niliyokuwa naleta?"

"Nilikuwa naongeza. Litre moja, mbili, kadiri ilipungua. Ingine…" Akaitazama taksi. "Ingine nilitumia. Siwezi kukudanganya."

"Umenidanganya miaka miwili, leo ndiyo huwezi? Na ile nyeusi?"

"Ya mataksi. Ukirudi mikono mitupu, mama yako angeuliza."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa wanafunzi wangu husoma. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa chini. Nilipoishiwa pumzi, akasema:

"Siku ya mwisho Bosco alikuja hapa. Alisimama pale umesimama we. Akaniambia, 'Motor yangu usiifungue. Ile filta nimeiweka mi mwenyewe, nitaitoa mi mwenyewe. Ni miezi tatu tu.' Mi nikasema sawa, mukubwa. Miezi tatu ikapita. Minne. We ukaleta kamyo. Ningeitoa, dada, ningekuambia nini? Ingekuwa ni kusema huyu mutu harudi."

"Ungesema hivyo!"

"Kwa mama yako?"

"Kwa mama yangu, ndiyo!"

Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na we? We ulimwambia?"

Bosco, nimebishana na wakuu wa shule, na mapadri, na mhariri mmoja aliyekuwa akikata makala zangu katikati kama soseji. Sijawahi kukosa neno. Pale, mbele ya mwizi wa oili, niliichukua filta na kuanza kuifuta, ingawa nilikuwa nimeshaifuta.

Akaendelea, kwa upole, na upole wake ndio ulionishinda. "Sauti alikutumia we, alinitumia na mi. Kwamba nichukue kamyo. Nilifunga garaji mapema siku ile. Mutu hawezi kumupa mwenzake kamyo kama anarudi. Mi sitaki ile kamyo, dada. Nikiichukua, njo nitakuwa nimemuzika."

Sikumsamehe. Nakuandikia ili ujue hilo pia: sikumsamehe, na sitampelekea lori tena. Amekula oili ya mgonjwa wa presha kwa jina la urafiki. Karibu aiue ile injini ambayo wewe ulisema nitaiua mimi. Lakini njia yote ya kurudi nyumbani nililisikia swali lake, maana lilikuwa swali zuri, na mimi hulitambua swali zuri hata likitoka kwenye mdomo mchafu.

Sikumwambia Mama. Wewe ndiye unayejua vizuri zaidi jinsi ambavyo sikumwambia. Kila Jumapili saa kumi unapiga simu. Mimi naishika, kwa kuwa Mama anadai vitufe vinamchanganya. Anakuuliza kama unakula, kama baridi imepungua, kama kanisani kuna watu. Kisha anauliza, "Unarudi lini, mwanangu?" Na wewe unanyamaza. Na mimi, dada yako mpenda ukweli, mwanamke ambaye watu wa mtaa humwita Bunduki kwa sababu ya mdomo wake, naivuta simu sikioni mwake na kusema, "Mtandao umekatika, Mama. Lakini nimesikia amesema karibu."

Kila Jumapili, Bosco. Hukuniomba. Ulikuwa unanyamaza tu, ukijua nitafanya. Ulikuwa unanyamaza na kusubiri, kama nilivyokuwa nasubiri kwenye Fanta yangu, na mimi nikamletea Mama kitu cheusi katika bidoni, na yeye akakigawa kwa majirani: "Bosco amesema karibu." Mtaa mzima umepakwa maneno yangu. Nilikuwa nikimdharau Méthode njia nzima, na kumbe mimi na yeye tulikuwa mafundi wa garaji moja, na wewe ndiye mwenye garaji.

Usinielewe vibaya. Sikulaumu kwa kuondoka. Nusu ya watu ninaowapenda wameondoka, na hao wengine wanatafuta njia. Sikulaumu hata kwa kutorudi. Labda huko umepata maisha, labda umepata mtu, labda karatasi zako ni za aina ambayo mtu akitoka haingii tena. Ni mambo ya mtu mzima na ningeyasikiliza. Ninachokulaumu ni kwamba hukuwa na ujasiri wa kusema neno moja kwa mwanamke wa miaka sabini na nne, ukaona ni rahisi zaidi kuligawa lori. Ulitaka karatasi ziseme. Ulitaka Méthode aje na ufunguo mkononi, Mama aone, aelewe mwenyewe, na wewe usiwepo chumbani. Na ili mpango huo uonekane wa busara, ilibidi uniite mimi mjinga wa motor. Hapo ndipo ulipokosea. Ungeniambia, "Dada, sirudi, nisaidie," ningelia, ningekutukana, ningekusaidia.

Sasa sikia jinsi mambo yatakavyokuwa. Lori halitoki uwanjani isipokuwa nikiwa mimi kwenye usukani. Karatasi zina jina lako, na zitabaki nalo, sikuombi unipe chochote. Kitabu nimefika kwenye sura ya breki. Filta nilimrudishia Mama, nikaiosha kwanza kwa mazutu kidogo, Mungu anisamehe, ili isiharibu kitambaa.

Na Jumapili hii nitamwonyesha Mama kitufe cha kijani. Si kigumu, nimemfundisha mara mbili tayari, jana na leo asubuhi, na ameweza. Saa kumi ikifika nitaiweka simu mkononi mwake, nitatoka nje, nitaufunga mlango. Atakuuliza kama unakula. Atakuuliza kuhusu baridi. Kisha atakuuliza lile jingine, na hutasikia sauti yangu. Utamsikia yeye akipumua, akisubiri.

Mtandao wa huku ni mzuri siku hizi, Kaka.

Dada yako,
aliyebaki na Mama